Hatua Arobaini na Tatu

4 Machi

Mdomo wangu,

Salamu utazipata mwishoni, kama kidole kitakuwa bado kina nguvu. Ninaandika kwa kifundo cha kidole cha shahada, mkono wa kushoto, herufi moja moja, na hili neno "salamu" peke yake limenichukua muda ule ambao Mama amemaliza kupiga pasi shati zima pamoja na kola.

Ndiyo, ni mimi. Usigeuze karatasi kutafuta mwandiko wa Mama, haupo. Nimeandika mwenyewe na yule dada wa duka la fotokopi amenichapia, nikamkodolea macho mpaka akakunja karatasi bila kusoma. Nina miaka thelathini na minne na hii ndiyo barua yangu ya kwanza, kwa hiyo iweke mahali pasipo na grisi.

Mashine imefika wiki tatu zilizopita. Ukiitazama ni tableti tu, imewekewa kifuniko cha plastiki chenye matundu juu ya herufi, ili kidole kikitetemeka kisiangukie kwa jirani. Naandika, nabonyeza kona ya chini, nayo inasema. Aliyeileta ni Mwalimu wa Sauti, dada mmoja mrefu kutoka hospitali, anakuja kila Jumanne na kuvua viatu mlangoni kana kwamba anaingia kulala. Ina sauti tano. Kuna mwanamume anayeongea kama anatangaza msiba, kuna mwingine mwenye mafua, kuna mtoto, kuna mwanamke mwenye haraka. Mimi nimechukua ya tano, mwanamke ambaye ndiyo kwanza ameamka na hajaamua kama atatoka kitandani. Mama anasema ni sauti ya mvivu. Nimemwambia hiyo hiyo ndiyo yangu.

Asubuhi nikimwamkia Mama, "Shikamoo," anaigeukia mashine na kuijibu, "Marahaba." Mimi nimekaa hapa! Lakini atazoea.

Kwenye duka letu la dobi ni kizaazaa. Unajua sisi hatujawahi kutumia tiketi wala namba, nguo zote za wateja zimo kichwani mwangu. Mteja anaingia, mimi natazama rafu, Mama anafuata macho yangu. Sasa unamkumbuka yule mwalimu wa hesabu? Tangu uondoke anabeba shati zuri kuliko aliloleta. Mimi nikipiga kelele anatabasamu na kumuuliza Mama, "Anasemaje?" Na Mama, kwa aibu, anamwambia nimefurahi kumwona! Basi Ijumaa amekuja, ameshika shati la watu, nami nikaandika taratibu, akingoja, nikabonyeza: "Hilo si lako. Lako lina doa la wino mfukoni, na kifungo cha tatu ni cha rangi nyingine." Mdomo, yule mtu alivyobadilika rangi! Mama amejificha nyuma ya shuka, nasikia anacheka huko.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Katika ndoto zangu huwa nasema. Nasema vizuri, tena sana, ila kwa sauti yako. Imekuwa hivyo tangu utotoni. Sauti yako ilipovunjika ulipobalehe, na mimi ndotoni nikaanza kukwaruza. Juzi mchana nilisinzia juu ya shuka zilizotoka kwenye mashine ya kukausha, zina joto, nikaota natembea ndani ya mvuke mweupe na natafuta mlango. Nikafungua mdomo nikuite. Hapakutoka sauti yako. Hapakutoka kitu. Lakini sikuogopa, nilisimama tu nikisubiri kama mtu anayesubiri chai ichemke. Hiyo ni dalili ya nini?

Kidole kimekufa. Salamu nitakupa siku nyingine.

Dada yako,
Njiwa


15 Machi

Dada Njiwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya paa la lifti, ghorofa ya nane, taa ya kichwani imewaka, na nikalia kama mtoto. Mwenzangu aliye chini akauliza kama nimejibana kidole. Nikamwambia ndiyo.

Umeandika wewe! Nilisikia jinsi unavyopandisha neno la mwisho ukiwa unatania. Mama alikupa jina la Njiwa kwa ule mlio wako, wengine wakisikia wanadhani ni mlio tu, na mimi nikiwa na miaka minne nikawa nawashangaa, mbona maneno yapo wazi kabisa. Hata kwa simu husikiki vizuri hivi. Kwa simu Mama anashika chombo, mimi nauliza, "Dada anasemaje?" na anajibu, "Anasema hajambo." Miaka saba unasema hujambo tu.

Huku kazi ni ile ile. Jengo lina ghorofa kumi na tisa na lifti nne, mimi na mwenzangu ndio tunazitunza, kamba, breki, milango, na mafuta ya reli. Lifti zetu zinaongea. Kuna mwanamke anasema, "Ghorofa ya tano. Mlango unafunguka." Nikiwa peke yangu mle ndani ya shimo, giza na upepo, namsikia anapita juu na chini akiwaambia watu walipofika. Siku nyingine namjibu. Usinicheke.

Kuhusu ndoto, labda umechoka tu. Pumzika.

Ila Dada, usiongee na kila mtu kwa hiyo mashine. Haijui kupunguza makali, na watu hawajazoea. Waachie wateja Mama, hasa wale wa zamani, kila mtu ana mambo yake. Yule fundi wa miwani wa ng'ambo ya barabara bado yupo? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Mdomo


27 Machi

Mdomo,

"Haijui kupunguza makali." Nani amekuambia nataka yapunguzwe?

Umemtaja Fundi Miwani, na siku barua yako imefika ndiyo siku ameingia dukani. Nilidhani nimesinzia tena. Miaka saba makoti yake yanaletwa na karani wake, na sasa karani amejifungua, kwa hiyo ameyaleta mwenyewe, matano, meupe, ameyakunja mikono kwa ndani kama alivyokuwa akiyakunja zamani.

Nataka nikukumbushe, maana naona mwenzangu huko juu hewa ni nyepesi. Alikuwa anakuja kila Alhamisi. Alikuwa anavuta kile kigoda kilichovunjika mguu, anakaa, na kuongea na mimi. Si na wewe kuhusu mimi. Na mimi! Anasema maneno kisha ananitazama mdomoni, anasubiri, na akishindwa kuelewa anasema, "Rudia, nimekosa." Ndipo anakugeukia wewe, tena kwa shingo upande. Halafu ile Alhamisi ya mwisho akakuita pembeni akakupa swali uniletee, kwa sababu aliona haya kuniuliza mbele ya Mama. Ukaniletea nyuma ya pazia la shuka. Nikakujibu palepale, nikarudia mara tatu usije ukakosea. Ukavuka barabara. Ukarudi na kuniambia, "Alikuwa anatania tu, Dada. Amecheka."

Mwezi mzima nilikuwa natazama vifungo vya watu tu. Hata Mama alidhani ni malaria.

Basi ameingia. Nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni, zimempendeza, shauri yake. Akaweka makoti, akaona mashine, akaona ninavyoandika, na badala ya kuitazama yeye akanitazama mimi. Akasema, "Natumaini ulishanisamehe. Nilimwomba mdogo wako akuambie. Sikuwahi kukuhurumia, hata siku moja."

Mdomo, nilikuwa na maneno mia. Kidole kikaanza kucheza ngoma. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Makoti yatakuwa tayari Jumatatu." Miaka saba nimemwekea mtu maneno, na hayo ndiyo niliyompa! Akainamisha kichwa akatoka.

Nimsamehe nini, kwa lipi? Nani alimwambia ananihurumia? Wewe ndiye uliyevuka barabara. Ulimpelekea maneno gani?

Njiwa


8 Aprili

Dada mpenzi,

Samahani nimechelewa, tumekuwa na ukaguzi wa lifti zote nne na mkaguzi ni mtu wa kuhesabu hata skrubu.

Hayo ya zamani hata mimi sikumbuki vizuri. Ilikuwa siku yenye shughuli nyingi, unakumbuka tulikuwa na mapazia ya ile hoteli. Mtu akikaa peke yake miaka mingi huchanganya nani alisema nini, yule bwana naye ni binadamu. Usijisumbue.

Nimeona huku duka linauza mkanda wa kuvalia tableti shingoni. Nitakutumia. Mama anaendeleaje na goti?

Mdomo


19 Aprili

Mdogo wangu,

Goti la Mama halijambo. Mkanda umefika, asante.

Jumatatu alikuja kuchukua makoti. Safari hii nilikuwa nimeandika usiku na mchana na kuhifadhi, kilichobaki ni kubonyeza. Nilimuuliza: "Siku ile nilikujibu nini?" Akasimama pale kaunta, akaniambia. Alilikumbuka lote, na aliposema alikuwa anatazama sakafu.

Sitaliandika hapa. Nataka uliandike wewe.

Anahama. Amepata nafasi mji mwingine, mwisho wa Mei anafunga duka. Na ameuliza tena. Hakutuma mtu. Ameniuliza mimi, Mama akiwa palepale na pasi mkononi, na pasi imeunguza mto wa watu. Nimemwambia asubiri.

Sijui nitamjibu nini. Siwezi kujibu mara ya pili wakati sijasikia kutoka kwako mara ya kwanza nilisemaje. Watu wanasema sasa nina sauti. Kumbe nilikuwa nayo, ilikuwa inatembea mjini inasema mambo ambayo mimi siyajui.

Niandikie ulichosema. Neno kwa neno. Usikipambe.

Njiwa


2 Mei

Dada,

Alhamisi saa nne asubuhi lifti namba mbili ilinasa na mimi ndani, kati ya ghorofa ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Breki ilijifunga, ilikuwa ni kusubiri mwenzangu arudi na kipuri. Saa mbili nzima. Yule mwanamke akawa anasema, "Tafadhali subiri. Msaada unakuja." Kila dakika moja. Mwanzoni nilimtukana. Kisha nikakaa sakafuni, na nikaona kwamba hajali nani yumo, anasema alichopewa aseme, haongezi wala hapunguzi. Nikaona aibu mbele ya lifti.

Basi pokea.

Kutoka mlango wetu hadi mlango wake ni hatua arobaini na tatu. Nilizihesabu siku ile kwa sababu nilitaka zisiishe. Ulikuwa umeniambia, "Mwambie ndiyo. Mwambie nimechoka kusubiri aulize. Mwambie atafute kiti cha pili." Nilielewa kila neno mara ya kwanza, hukuwa na haja ya kurudia. Hatua ya kumi nilikuwa bado nacheka. Ya ishirini nikamwona kupitia kioo, anapangusa miwani ambayo ilikuwa safi. Ya thelathini nikajiuliza, huko kwake nani atakuwa anasema anachosema Dada? Nikajijibu, atajifunza mwenyewe. Yule bwana anasikiliza, atakaa naye miezi miwili mitatu, atamwelewa. Halafu nikajiuliza, na mimi nitakuwa nani?

Nilipofika nikamwambia, "Anasema usimsumbue. Anasema hataki kuhurumiwa na mtu."

Aliketi. Akasema, "Mwambie anisamehe." Hilo nalo sikulileta. Nilikuambia alicheka. Hakucheka, Dada.

Nilikuwa na miaka minne waliponiita mara ya kwanza, wenzangu wako uwanjani na mpira. "We Mdomo, njoo hapa, anasemaje?" Nililia siku ile. Lakini nikasema ulichosema, na chumba kizima cha watu wazima kikanyamaza kunisikiliza. Nililichukia jambo lile na nililipenda, sijui jinsi ya kueleza vingine. Nikaanza na vitu vidogo. Ulimwita shangazi mnafiki, mimi nikasema unasifu kitambaa chake. Ulimwambia daktari ameshika karatasi juu chini, nikasema unamshukuru. Watu wakasema una roho nzuri. Ilikuwa yangu, Dada. Yako ni nzuri zaidi, lakini ina meno.

Miezi miwili baada ya ile Alhamisi nikaondoka nikasema ni kazi. Sikuweza kukaa nawe chumba kimoja ukinitazama kwa kuniamini. Nikakuacha na Mama anayeelewa nusu. Kwanza nilikunyang'anya mtu wako, kisha nikakunyang'anya na mdomo. Hayo nimeyafanya mimi, mdogo wako, na hakuna aliyenituma.

Sina la kuomba. Nimekuandikia neno kwa neno.

Aliyekuwa mdomo wako


14 Mei

Wewe mtoto,

Umemwandikia dada yako nini? Barua yako ameisoma kwa macho yake mwenyewe, akaikunja, akaikalia. Tangu siku ile amezima mashine. Siku nane hazungumzi, si kwa mashine wala kwa mdomo wake, hata rafu haitazami. Jana mwalimu wa hesabu ameondoka na mashati mawili na mimi nimesimama tu.

Kule ng'ambo Fundi Miwani anafunga vitu kwenye maboksi, kila jioni anasimama mlangoni anatazama huku kwetu. Anasubiri, na mimi sijui nimwambie nini. Nimezoea kusema, "Anasema hajambo," sasa hata hilo naogopa kulisema.

Kama ni wewe uliyevunja, tengeneza. Kama hujui pa kushika, nyamaza, lakini usitume tena mikanda.

Mama yako


29 Mei

Mdogo wangu,

Nilikuchukia. Nianze na hilo. Nilizima mashine kwa sababu kila nilichokiandika kilikuwa tusi, na sikutaka sauti yangu ianze maisha kwa matusi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, shingo yangu ilikuwa bado nzuri. Umekula miaka saba ya watu wawili, na yako pia, mpumbavu wewe, huko juu ya paa unajibizana na lifti. Nimekuchukia tena zaidi kwa yule shangazi, kwa sababu alikufa akiamini nakipenda kile kitambaa.

Na nilikuwa natafuta mahali pa kukuchukia vizuri, sipapati. Kila nikijikumbuka nikiwa na furaha, kuna kitoto kimesimama kando yangu, kimeshika kiuno, kinasema maneno yangu. Ulikuwa na miaka minne. Hilo walipaswa kulijua wakubwa, si wewe.

Siku kumi na sita nililala bila kuota. Ya kumi na saba, mchana, mvua inanyesha na Mama amewasha pasi ya mvuke, nikaota niko ndani ya lifti yako. Kuta zake zilikuwa shuka nyeupe, zinapumua. Yule mwanamke wako akauliza, "Ghorofa ya ngapi?" Nikafungua mdomo, ukatoka ule mlio wangu, ule ule wa njiwa, mrefu. Sikuwa na sauti yako wala ya mashine. Akasema, "Sawa," tukaanza kupanda. Ulikuwa juu ya paa na bisibisi yako, unaita, "Anasemaje? Anasemaje?" na hakuna aliyekujibu. Nikakuonea huruma mpaka nikaamka nina machozi masikioni.

Nikawasha mashine. Nikamwambia Mama, "Naenda ng'ambo." Akasema atanisindikiza. Nikamwambia, "Hapana, Mama." Nimeandika hapana nyingi katika maisha yangu ya miezi mitatu, hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi.

Nikavaa mkanda wako shingoni. Kwako ni hatua arobaini na tatu. Kwangu ni mia na kumi na mbili. Gari moja lilinipigia honi mara tatu, nikasimama katikati ya barabara, nikaandika bila haraka, nikabonyeza kwa sauti ya juu kabisa: "Subiri wewe." Likasubiri! Lori, Mdomo. Lori zima.

Duka lake lilikuwa maboksi tu na ule ubao wa herufi ukutani, unaoanza na herufi kubwa na kuishia na ndogo mithili ya sisimizi. Alikuwa amepiga magoti anafunga kamba. Alinisogezea kiti, nikakaa kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha. Nikampa jibu langu. Nililisema lote, na alipokosa alisema, "Rudia, nimekosa," nami nikarudia.

Sitakuambia nilisema nini. Mama naye nimemkataza. Ni jambo la kwanza nililowahi kumwambia mtu ambalo wewe hulijui, na natembea nalo humu ndani nalishikashika kama pesa mpya.

Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitataka uwe mbele yangu ulisikie.

Dada yako,
Njiwa


8 Juni

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu lililojificha. Nilidhani nitaliona, kama nilivyokuwa nikiyaona yote. Silioni.

Mle ndani ya lifti leo nimekumbuka kitu. Maisha yangu yote watu wameniuliza mimi, "Anasemaje?" Mimi sijawahi kuuliza mtu. Sijawahi kukuuliza hata wewe. Nilikuwa nikijua, na pale nisipojua nilijaza.

Sasa sijui, na sitajaza. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe, na kama hutaki kujibu ni haki yako.

Dada, unasemaje?

Mdogo wako


15 Juni

Mdogo wangu,

Umeuliza vizuri.

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia nimechoka kusubiri aulize. Nilimwambia atafute kiti cha pili.

Akasema, "Umekikalia." Alikinunua asubuhi ya ile Alhamisi, miaka saba iliyopita, na hakuwahi kukitoa pale. Alikuwa akiwaambia wateja kimevunjika.

Amesogeza kuhama hadi mwisho wa mwezi huu. Mama amenunua tiketi za nguo na ananuna nazo, anasema kichwa changu kilikuwa bora, sasa ndiyo anasema! Omba likizo uje kabla hatujaondoka. Kuna maboksi thelathini na mbili. Utabeba maboksi tu, maneno nitabeba mwenyewe.

Nilikuambia nitataka uwe mbele yangu. Basi fanya haraka, maana nina jambo la kukuambia na nimeshaliandika, kilichobaki ni kubonyeza.

Na zile salamu nilizokuahidi mwezi wa tatu, leo kidole bado kina nguvu. Salamu, mdogo wangu. Salamu nyingi sana.

Njiwa